Pesa za joto za wazee Uingereza: nani atazirudisha, na mama mkubwa adai nini

Assalaam alaykum mshauri,

Ninaishi Milton Keynes na wazazi wangu wako mtaa wa jirani. Baba ana miaka 81, mama 69. Baridi ya mwaka jana hawakupata ile Winter Fuel Payment, pesa ya serikali ya kuwasaidia wazee kulipia joto, waliambiwa ni ya wanaopokea Pension Credit (nyongeza kwa wazee wenye kipato kidogo) peke yao. Mwaka huu, bila ya kuomba chochote, baba ameingiziwa pauni 200 na mama pauni 100. Baba ana pensheni ya serikali na pensheni ya kazini, jumla yake kama pauni 26,000 kwa mwaka. Mama ana pensheni yake na saa chache anazofanya kwenye jikoni la shule, jumla kama pauni 11,500. Jirani amewaambia kuwa nyumba yao inaingiza zaidi ya pauni 35,000, kwa hiyo pesa zote zitachukuliwa na ofisi ya kodi, wasiziguse. Baba ameamini. Hita inawashwa saa moja asubuhi na saa moja usiku, basi. Halafu simu ya mama ikaingia meseji inayosema "thibitisha malipo yako ya joto" na kutaka namba za kadi ya benki. Sijui nishike lipi.

La pili ni mama mkubwa, dada yake mama, ana miaka 77, mjane, anaishi peke yake Leicester kwenye fleti ya kupanga ya housing association. Ana pasi ya Kiingereza. Pensheni yake ya serikali ni pauni 198.40 kwa wiki na hana nyingine. Tangu mwaka jana anapata Attendance Allowance, posho ya mzee anayehitaji msaada kwa maradhi au ulemavu, kwa sababu ya miguu na macho. Benki ana pauni 13,200. Aliwahi kutaka kuomba Pension Credit, akaambiwa na watu kuwa mwenye akiba hapewi, na zaidi mwenye nyumba. Nyumba yenyewe ni ya urithi wa babu, iko Tanga mjini, ya watatu: mama, mama mkubwa na mjomba mwenye miaka 71, ambaye ndiye anayekaa humo. Hakuna kodi ya pango inayolipwa. Je, ana haki yoyote? Nami nilikuwa nafikiria kudai Carer's Allowance, posho ya mlezi, kwa kumhudumia. Na anataka kwenda Tanga kuanzia mwezi wa kwanza hadi mwisho wa mwezi wa tatu ili akimbie baridi. Kuna ubaya?

Binti wa Milton Keynes

---

Waalaykum salaam dada,

Mwambie baba awashe hita. Pesa hizo ni zake na za mama, na kwa hesabu ulizoleta hakuna atakayezichukua.

Kipimo cha pauni 35,000 hupima mtu, hakipimi nyumba. Ofisi ya kodi, HMRC, inaangalia kipato cha kila mmoja peke yake. Baba ana 26,000, yuko chini ya mstari. Mama ana 11,500, naye yuko chini. Jumla yao ya 37,500 haiulizwi popote katika sheria hii. Jirani amechanganya na Pension Credit, ambayo kweli huwahesabu mume na mke pamoja. Kiasi walichopata nacho ni sahihi: kwa wanandoa wasio na Pension Credit, mmoja akiwa na miaka 80 au zaidi na mwenzake chini ya hapo, mkubwa hupewa 200 na mdogo 100. Wote wawili wakiwa chini ya 80 ni 100 kwa 100. Wote wakiwa wamefika 80 ni 150 kwa 150. Anayeishi peke yake hupata 200, au 300 akifika 80.

Mkanganyiko huu una asili yake. Malipo haya yalianza mwaka 1997 na kwa miaka mingi kila mzee aliyefika umri wa pensheni aliyapata. Tarehe 29 Julai 2024 waziri wa fedha, Rachel Reeves, alitangaza kuwa yatabaki kwa wenye Pension Credit na benefiti nyingine chache za kipato, na tarehe 10 Septemba 2024 Bunge lilikataa hoja ya kuufuta uamuzi huo kwa kura 348 dhidi ya 228. Hapo ndipo wazazi wako walipokatwa. Tarehe 9 Juni 2025 serikali ikageuka: kuanzia baridi ya 2025/26 wazee wa England na Wales wanalipwa wote, kisha mwenye kipato cha zaidi ya pauni 35,000 anarudisha kupitia kodi. Kwa maoni yetu kipimo cha 2024 kilikuwa kibaya, na ubaya wake haukuwa katika wazo la kumpima tajiri. Ubaya ulikuwa kukifunga kwenye Pension Credit, benefiti ambayo kampeni ya serikali yenyewe ilisema kaya 880,000 zina haki nayo na hazijaiomba. Mzee maskini asiyejua kuomba alikatwa pamoja na tajiri. Mama mkubwa wako ni mmoja wa watu hao.

Tumalize ya wazazi. Kipato kinachopimwa ni cha mwaka wa kodi wa 6 Aprili 2025 hadi 5 Aprili 2026, kabla ya kodi: pensheni ya serikali, pensheni ya kazini, mshahara, riba ya akiba ya kawaida, na kodi ya pango ya nyumba unayopangisha, hata iliyoko Afrika Mashariki. Attendance Allowance haimo, na riba ya ISA (akaunti ya akiba isiyotozwa kodi) haimo. Baba ana nafasi ya pauni 9,000 kabla ya kugusa mstari. Kinachowavusha wazee mstari bila kutarajia ni kutoa donge kubwa kutoka mfuko wa pensheni binafsi: kwa kawaida robo yake haina kodi, lakini robo tatu zinaingia kwenye kipato cha mwaka huo. Akiwa na mpango wa namna hiyo kwa ajili ya kujenga au kwenda Hija, agawanye kwa miaka miwili ya kodi. Mstari huu hauna mteremko. Kwenye 35,000 kamili unabaki na zote, ukizidi kwa pauni moja unarudisha zote. Hata hapo anayerudisha ni aliyezidi tu, na fungu la mwenzake halishikwi.

Anayetakiwa kurudisha hapeleki pesa mahali wala hapigi simu. HMRC hubadilisha tax code yake, namba inayoonyesha akatwe kodi kiasi gani, kwa mwaka wa 2026/27 na kumkata kidogo kidogo, kama pauni 17 kwa mwezi kwa mtu wa pauni 200. Anayejaza Self Assessment, fomu ya kujitangazia kipato mwenyewe, atayaona malipo hayo kwenye fomu ya 2025/26, na ni juu yake kuhakikisha yamo.

Kwa sababu hiyo meseji aliyopata mama ni ya wezi. Malipo huja yenyewe kwa walio wengi, na serikali haitumi meseji ya kuomba namba za kadi ili kukulipa. Asibonyeze kiungo. Aisambaze kwa namba 7726, ambayo ni ya bure ya kuripoti meseji za utapeli, kisha aifute. Kama alishajaza namba, apige simu benki leo hii kwa namba iliyo nyuma ya kadi.

Sasa mama mkubwa, na hapa ndipo penye fedha nyingi zaidi.

Waliomwambia kuwa mwenye akiba hapewi Pension Credit walimkosesha haki. Benefiti hii haina kikomo cha akiba. Pauni 10,000 za kwanza haziguswi kabisa. Kinachozidi huhesabiwa kana kwamba kila pauni 500, au sehemu ya 500, inamletea pauni 1 kwa wiki. Yeye amezidi kwa 3,200. Ukigawanya kwa 500 unapata 6.4, wanapandisha hadi 7. Kwa hiyo kipato chake machoni pao ni 198.40 na 7, jumla pauni 205.40 kwa wiki. Attendance Allowance haihesabiwi hata senti.

Kiwango cha kawaida cha Guarantee Credit, fungu kuu la Pension Credit, kwa mtu mmoja katika mwaka ulioanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 227.10 kwa wiki, na hesabu zote hapa zinatumia viwango vya mwaka huo. Wengi huishia hapo, wanaona tofauti ya pauni 21.70 na kusema haistahili usumbufu. Lakini mama mkubwa anapata Attendance Allowance, anaishi peke yake, na hakuna anayelipwa Carer's Allowance kwa ajili yake. Mambo hayo matatu yakikutana kuna nyongeza ya ulemavu mkubwa ya pauni 82.90 kwa wiki. Kiwango chake kinapanda hadi pauni 310. Toa 205.40, anabakiwa na haki ya pauni 104.60 kila wiki, ambayo kwa wiki 52 ni pauni 5,439.20. Hiyo ni mara ishirini na saba ya zile pauni 200 za joto ambazo nchi nzima ilizigombania.

Nyongeza hiyo hurukwa mara kwa mara, kwa sababu mwombaji hakusema wazi kuwa anaishi peke yake au hakutaja Attendance Allowance akidhani itamponza. Ataje yote mawili, na barua ya uamuzi ikija mtafute humo ile 82.90. Isipokuwamo, mlalamike.

Usidai Carer's Allowance kwa ajili yake kabla hujapiga hesabu. Katika mwaka wa 2025/26 ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki, ikikutaka umhudumie saa 35 kwa wiki na mshahara wako usizidi pauni 196 kwa wiki baada ya makato. Siku utakapoanza kulipwa, nyongeza yake ya 82.90 inakatika. Familia inaongeza senti arobaini, na hiyo 83.30 inatozwa kodi mikononi mwako. Hali ni hiyohiyo kwa anayepata fungu la mlezi ndani ya Universal Credit, benefiti ya watu wa umri wa kufanya kazi. Na mkiwaza kumhamishia kwako, jueni kuwa akikaa na mtu mzima mwingine nyongeza hiyo kwa kawaida huondoka. Si sababu ya kumwacha peke yake kama hali yake haimruhusu, ila muamue mkijua.

Nyumba ya Tanga. Nyumba anayoishi mwombaji mwenyewe haihesabiwi, lakini nyumba nyingine, popote duniani, thamani yake huhesabiwa kama akiba. Lazima itajwe. Kuificha ni kosa, na deni lake humfuata mzee kwa miaka. Lakini kanuni ina mlango unaomhusu hasa mama mkubwa: nyumba inayokaliwa na ndugu wa karibu kama makazi yake, na ndugu huyo amefika umri wa pensheni wa Uingereza au hajiwezi, thamani yake huachwa nje. Mjomba ni kaka yao wa damu, ana miaka 71, anaishi humo. Basi nyumba haihesabiwi.

Ila maneno matupu hayatoshi, kusanyeni ushahidi mapema. Nakala ya kitambulisho cha NIDA cha mjomba inayoonyesha mwaka wa kuzaliwa. Barua ya mtendaji wa mtaa inayosema anaishi nyumba hiyo tangu lini. Hati za mirathi zinazoonyesha nani amerithi nini. Zilizo kwa Kiswahili ziambatanishwe na tafsiri.

Hizo za mirathi zina uzito wa ziada. Mali ya warithi kadhaa huhesabiwa kwa mafungu sawa pale ambapo hakuna ushahidi mwingine. Kama mirathi ya babu iligawanywa kwa sheria ya Kiislamu, mjomba ana nusu na dada zake robo robo. Tuseme mjomba amehama na nyumba ina thamani ya pauni 60,000. Bila karatasi, mama mkubwa atahesabiwa theluthi, pauni 20,000, na kwa karatasi robo, pauni 15,000. Wanatoa asilimia 10 ya gharama za kuuza: 18,000 dhidi ya 13,500. Changanya na akiba yake ya benki, pitisha kwenye hesabu ya 500, utaona kuwa kwa theluthi angelipwa pauni 68.60 kwa wiki na kwa robo pauni 77.60. Pauni tisa kila wiki kwa ajili ya karatasi moja. Na muone pia kuwa hata nyumba ikihesabiwa, bado ana haki. Kwa hiyo asiihamishe jina wala kumgawia mtu ili aonekane hana: mali iliyotolewa kwa nia ya kupata benefiti huhesabiwa kana kwamba bado ni yake.

Katika jamii zetu kuna jambo jingine linalowakwaza wazee. Mama mtu mzima anayeaminika ndiye anayewekewa pesa za upatu au za mfuko wa misiba. Kama sehemu ya zile 13,200 si zake, aseme, na alete daftari la wachangiaji. Baada ya hapo pesa hizo za wengine zihamishiwe akaunti ya pembeni, kwa sababu kila mapitio ya benefiti yataliibua swali hilo tena.

Kuomba kwenyewe: apige 0800 99 1234, ni bure, au ajaze kwenye tovuti ya GOV.UK. Anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili na hatatozwa. Wewe unaweza kuzungumza kwa niaba yake ukiwa umekaa naye, watataka kwanza kumsikia akikubali. Awe na namba ya National Insurance, namba za akaunti, barua ya pensheni, barua ya Attendance Allowance, barua ya kodi ya pango, na salio la benki la siku ya ombi na la miezi mitatu nyuma. Salio la nyuma linahitajika kwa sababu Pension Credit hurudishwa nyuma hadi miezi mitatu kama alikuwa na haki wakati huo, bila kutoa sababu, lakini mwambieni afisa waziwazi kuwa anaomba irudishwe. Wiki 13 kwa 104.60 ni pauni 1,359.80. Kila wiki mnayochelewa mbele, wiki moja ya nyuma inapotea moja kwa moja. Ombi likikataliwa, ana mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi kutaka uangaliwe upya, kisha mahakama ya rufaa za benefiti.

Akishapata Guarantee Credit, siku hiyohiyo aombe kaunseli yake, yaani halmashauri ya mji, Housing Benefit (msaada wa kodi ya pango) na punguzo la council tax (kodi ya halmashauri). Kikomo cha akiba cha pauni 16,000 cha Housing Benefit hakimgusi mwenye Guarantee Credit, na anaweza kufutiwa council tax yote. Atakuwa na haki ya matibabu ya meno bila malipo NHS na vocha ya kusaidia kununua miwani, na kwa kuwa amevuka miaka 75, leseni ya televisheni bure. Kati ya 1 Novemba na 31 Machi, eneo lake likikaa kwa siku saba mfululizo kwenye wastani wa nyuzi sifuri au chini, kila mara anaongezewa pauni 25 za Cold Weather Payment. Kuna pia Warm Home Discount, pauni 150 kwenye bili ya umeme. Kwa baridi ya 2025/26 aliyehitajika ni mwenye benefiti tarehe 24 Agosti 2025, kwa hiyo asiziweke kwenye bajeti mpaka aone barua.

Kwa wasomaji wengine wanaowaombea wazee wao: pasi ya Uingereza au ruhusa ya kudumu kwa kawaida inatosha. Lakini Pension Credit ni "public funds", yaani fedha za umma. Mzee ambaye viza yake inazikataza, au aliyeletwa na mtoto aliyeweka saini ya kumtunza na hajatimiza miaka mitano, amwone kwanza mshauri wa uhamiaji mwenye kibali, maana ombi linaweza kuharibu ukaazi wake. Na walio Scotland wana malipo yao, Pension Age Winter Heating Payment, ambayo baridi ya 2025/26 yalikuwa pauni 203.40 au 305.10, nayo hurudishwa kwa mstari uleule wa 35,000.

Safari ya Tanga ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Pauni zake 200 za joto haziathiriki, kwa sababu kinachotazamwa ni wiki ya 15 hadi 21 Septemba 2025, na kutoka kwa muda baada ya hapo hakuzifuti. Pensheni ya serikali inaendelea. Attendance Allowance inaendelea kwa wiki 13 ikiwa safari ni ya muda. Pension Credit ndiyo yenye kamba fupi: wiki nne, na ni kwa anayetarajia kurudi ndani ya wiki nne. Anayeondoka na tiketi ya miezi mitatu hapewi hata zile nne za kwanza, inasimama tangu anapotoka. Housing Benefit nayo ina wiki nne kwa safari ya nje. Akifiwa na jamaa wa karibu akiwa huko inaweza kunyooshwa hadi wiki nane, na kwa matibabu hadi 26, kwa ushahidi.

Kuanzia mwezi wa kwanza hadi mwisho wa wa tatu ni karibu wiki 13. Kwa 104.60 ni zaidi ya pauni 1,340, bila kuhesabu Housing Benefit, na kodi ya pango Leicester itaendelea kudaiwa. Akienda kwa siku 26 au 27 hapotezi kitu, na asikate tiketi ya siku 28 kamili, ndege ikiahirishwa atavuka. Akiamua kukaa yote mitatu, ni haki yake, ila apige simu DWP, wizara inayolipa pensheni na benefiti, kabla ya kuondoka, aseme tarehe ya kutoka na ya kurudi, na aombe upya mara tu akirudi. Wanaokaa kimya hugunduliwa, na mzee hudaiwa kila kilicholipwa akiwa nje.

Hadi siku ya safari, fleti isishuke chini ya nyuzi 18 katika chumba anachokaa na anacholala. Hicho ndicho kiwango kinachopendekezwa na mamlaka ya afya kwa watu wa umri wake. Mpigieni kampuni yake ya umeme aandikishwe kwenye Priority Services Register, orodha ya wateja wanaohitaji msaada wa ziada, ni bure. Kama anatumia mita ya kununua kabla, waulizeni hapohapo salio la dharura ni kiasi gani na linawashwaje, macho yake yasije yakamwangusha mbele ya mita usiku.